Kuku Asiye na Firigisi

Jumatano, 5 Machi 1975. Kolwezi.
Leo nimewaambia wanawake wa foyer, kituo chetu cha akina mama: nyama ni uvivu wa mpishi! Darasa langu la mapishi bila nyama limepungua tena. Vizuri. Wanaobaki ndio wenye akili. Wifi yangu Ngalula, muuza michopo, nyama choma ya mbuzi, amepita mlangoni makusudi na moshi wake. Nikameza mate. Ya hasira!

Ijumaa, 7 Machi.
Kesho kutwa Tata Mwenze wa Fungurume anakuja kumposea mwanawe binti yangu Mbayo. Mume wangu, Mukalay, anadai kuku. Eti mkwe asiyewekewa kuku anajua amefukuzwa. Mbayo amelia, anampenda kijana yule. Nimewaapia kuku atakuwepo. Sikusema wa nini! Nitaponda kikanda, ile mizizi ya porini, pamoja na karanga na pilipili. Nitafinyanga kuku mzima, mapaja na yote.

Jumapili, 9 Machi.
Kuku wangu alipendeza mno! Kahawia, mabawa, hata shingo. Tata Mwenze akanawa, akatafuta firigisi, haki ya mgeni mkubwa. Akageuza sahani. Akatafuta tena. "Mama, firigisi mulimupa nani?"
Nimesahau firigisi! Nikaeleza kwamba kuku huyu ametoka ardhini. Akasimama. Akasema kwao mtu hukataliwa kwa maneno, si kwa mchezo wa sahani. Wameondoka na njaa yao. Mbayo hasemi nami, na inaniuma sana. Lakini niombe radhi kwa sababu ya mboga? Kamwe!

Jumanne, 11 Machi.
Mukalay amekwenda Fungurume kuniombea radhi. Aibu gani! Wamekubali kurudi Jumamosi. Amri ya Mukalay: mimi nipike sombe tu, majani ya muhogo, mengine ni ya Ngalula. Sawa. Sombe yangu peke yake itawaangusha.

Jumamosi, 15 Machi.
Ushindi! Wakwe wamekula mpaka wakalegeza mikanda. Tata Mwenze alitafuna kitu kigumukigumu, macho kayafumba, akatamka kwamba leo amepewa heshima yake. Kwa sombe! Posa imepita, harusi ni Juni. Mbayo amenikumbatia, nikalia kidogo. Nyuma ya jiko nimekuta manyoya mengi ya kuku. Paka wa jirani, bila shaka.
Ngalula amejitolea kutoa mbuzi wa harusi. Nimemkatalia hapohapo. Mbuzi nitamfinyanga mimi! Gunia la kikanda nimeshaagiza. Pembe tu ndizo zinanisumbua.