Lifti ya Montesoave, Chanzo Kinacholindwa

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tano, saa nne kamili asubuhi, Idara ya Haiba ya Mji wa Genova iliwatangazia wakazi wa vichochoro vya bandarini kwamba kunung'unika kwao kumepandishwa hadhi.

Tangazo lilisomwa na Naibu Mkurugenzi Evaristo Bacigalupo mbele ya kanisa, kwa kipaza sauti kilichokoroma kila alipotamka herufi "m". Jambo hilo lilimtesa, maana neno "manung'uniko" lilikuwemo mara arobaini na moja.

"Wapendwa wadau," alisoma. "Upembuzi yakinifu wa miaka mitatu umebaini yafuatayo. Mnara wa taa, bandari nyingine zinao. Makasri ya marumaru, zinayo. Samaki wa kutazamwa kwenye vioo, zinao. Ila asilimia sabini na nane ya wageni wanaoshuka melini hurudi kwao wakikumbuka kitu kimoja tu: jinsi mnavyonung'unika."

Umati ukanung'unika.

"Naomba myatunze hayo," alisema Evaristo kwa upole. "Kuanzia leo ni mali ya umma."

Asidhaniwe kuwa alikuwa mtu mbaya. Alizaliwa kichochoro cha tatu kutoka hapo. Baba yake, mwendesha winchi gatini, alinung'unikia mto wa hospitali mpaka pumzi ya mwisho, na Evaristo hakuwahi kusikia kitu kilichomfariji kuliko kile. Wazee wa Genova husimulia kwamba mabaharia wa zamani walikubali ujira mdogo ili mradi waruhusiwe kunung'unika chomboni. Evaristo aliamini hadithi hiyo kama wengine wanavyoamini watakatifu. Na kitu ukikipenda namna hiyo, alisema, huwezi kukiacha kizagae ovyo. Unakiwekea utaratibu.

Utaratibu ulikuwa huu. Kutakuwa na vituo tisa vya manung'uniko, vyenye alama ya duara la buluu lililopakwa chini. Saa za kazi ni saa nne hadi saa sita, na saa kumi hadi kumi na mbili. Wanung'unikaji watasajiliwa na kupewa madaraja. Mada zilizoruhusiwa ni upepo, magoti, bei ya mrihani, vijana, na watu wa mji wa Torino. Manung'uniko holela, yaani ya nje ya duara au ya nje ya saa, yamepigwa marufuku, kwa kuwa yanapunguza akiba. Kuinung'unikia Idara hakukukatazwa. Hakukutajwa tu.

"Na lifti je?" aliuliza mwanamke mmoja kutoka mbele.

Huyo alikuwa Bi. Bice Olcese, mwenye miaka sabini na tisa, aliyekuwa akioka farinata, mkate mwembamba wa unga wa dengu, katika duka lenye upana wa mlango. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa ya chuma. Dada yake, Iole, wa miaka themanini na minne, aliishi juu kabisa ya kilima cha Montesoave. Kati yao palikuwa na lifti ya umma, iliyoharibika tangu mwezi wa sita mwaka uliopita, na ngazi ya vidato mia tatu na kumi na viwili. Miezi kumi na moja dada hao hawakuonana. Kila asubuhi Iole alitundika taulo jekundu kwenye reli ya roshani, na Bice akitoka hadi mwisho wa kichochoro aliliona na kujua kwamba dada yake ameamka.

"Lifti imo kwenye mpango, Bi. Bice," alisema Evaristo. "Tena ukurasa wa kwanza."

Bi. Bice alimshukuru. Siku ile alimpa farinata bure, na yeye si mtu wa kutoa bure.

Alhamisi mafundi wawili walifika kwenye mlango wa lifti, na watu wakajaa. Waligongomelea kibao cha shaba, wakaondoka. Kibao kilisema: CHANZO CHA MANUNG'UNIKO, DARAJA A. KINALINDWA. USIKIKARABATI.

"Ndiyo maana ya kuwa kwenye mpango," alieleza Evaristo alipoitwa. "Asilimia thelathini na moja ya manung'uniko yote ya mtaa huu yanatoka hapa. Ukiitengeneza, unaziba chemchemi."

"Mwanangu," alisema Bi. Bice, "dada yangu hali vizuri. Kwa simu ananiambia ameshiba, lakini nasikia sahani haigongi."

"Hiyo ni nzuri sana," alisema Evaristo, akaiandika. "Hiyo uisemee kituo namba nne."

Fundi wa lifti wa eneo hilo, Nevio Repetto, mrefu na mwenye usingizi, alikuwa ameegemea ukuta. "Kifaa cha kuitengenezea kipo stoo tangu mwezi wa tatu, bosi," alisema. "Kazi ya saa mbili tu. Nataka saini yako."

"Mchakato unaendelea, Nevio."

"Mchakato umelala, bosi. Usituzuge."

Bi. Bice alisajiliwa daraja la kwanza, akapewa beji, na akaenda duarani kwa kuwa alidhani anayesema sana mwisho husikika. Alikuwa hodari kupita kiasi. Alianza na upepo, akapita kwenye magoti, akafika kwenye lifti na dada yake, na hapo sauti yake ilishuka hadi wageni wakasogea. Mkalimani aliwatafsiria taratibu. Mama mmoja kutoka Denmark alilia. Wote walipiga makofi, wakapiga picha kibao cha shaba, wakarudi melini kula.

Mwisho wa mwezi Evaristo alimletea habari njema. "Umetupandisha, Bi. Bice. Kwa juhudi zako lifti imesogezwa kutoka daraja A hadi daraja A la juu. Sasa hata Mkurugenzi mwenyewe haruhusiwi kuigusa bila saini saba."

Bi. Bice aliweka chini mwiko wake. Alimtazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa.

"Kwa hiyo nikisema vizuri, haitengenezwi."

"Kadiri unavyosema vizuri, ndivyo inavyolindwa."

"Haya," alisema Bi. Bice. "Nimekuelewa, mwanangu. Nenda salama."

Kesho yake saa nne alisimama kwenye duara, beji kifuani, mbele ya wageni arobaini. Akatabasamu.

"Hali ya hewa nzuri," alisema. "Magoti yangu hayajambo. Mrihani umeshuka bei. Lifti? Tuna bahati sana, ngazi inanyoosha miguu. Karibuni tena."

Wageni walimngoja aendelee. Yeye akarudi dukani kuoka.

Kufikia Ijumaa ugonjwa ulikuwa umeenea. Muuza samaki aliwasifu vijana. Kinyozi alisema watu wa Torino ni wastaarabu, tena akasema bila kutoa jasho. Mwanamke wa ghorofa ya nne, aliyekuwa akimtukana jirani yake kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo tangu mwaka wa mafuriko, alimpungia mkono akamuuliza watoto hawajambo. Jirani alifunga dirisha kwa hofu. Wageni nao walianza kulalamika ofisini kwamba walisafiri siku tatu kuja kusikia manung'uniko na hawakuyakuta. Evaristo aliyaingiza malalamiko hayo kwenye ripoti kama "manung'uniko ya chanzo cha nje", na kwa wiki moja takwimu zilisimama kwa miguu yake. Wiki ya pili zikaanguka.

Ulikuwa wakati mbaya kuliko wote. Jopo kutoka Roma lilikuwa njiani kuamua mji gani upewe hadhi ya Bandari Yenye Haiba, na Mkurugenzi wa Idara, Daktari Ludovica Ghiglione, alikuwa ameshaagiza karatasi za barua zenye hadhi hiyo.

Asubuhi ya jopo, Evaristo alikwenda dukani kwa Bi. Bice kabla ya saa tatu.

"Nakuomba kama mama yangu," alisema. "Kidogo tu. Hata upepo."

"Nikinung'unika lifti inabaki mbovu. Nisiponung'unika inabaki mbovu. Basi bora nicheke, meno nimeyalipia mwenyewe."

"Lakini wewe ni daraja la kwanza."

"Leo umetazama juu?" aliuliza Bi. Bice.

Evaristo alitoka hadi mwisho wa kichochoro akatazama. Reli ya Montesoave ilikuwa tupu.

"Siku ya pili hiyo," alisema Bi. Bice nyuma yake, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Simu anapokea. Anasema mikono haifiki kwenye reli, imechoka. Daktari alipanda jana, akasema ale vitu laini na asikae peke yake. Unga ninao, tanuri ninalo, miguu sina. Lakini tuna bahati sana, Evaristo. Ngazi inanyoosha miguu."

Alisema hivyo huku ametabasamu. Evaristo alitamani angemtukana.

Jopo lilikuwa na watu watano, likiongozwa na Bwana Achille Tarquini, mzee mnene mwenye kofia ya nyasi. Walipita vituo vyote tisa. Katika kila kituo walipokelewa kwa tabasamu na kuambiwa kwamba Idara inafanya kazi nzuri. Daktari Ludovica alitembea kando ya Evaristo akimfinya mkono kwa ukucha.

"Wamepatwa na nini hawa?"

"Wameridhika, Daktari."

"Nani aliwaruhusu?"

Chakula cha mchana kilikuwa kimeandaliwa juu ya Montesoave, penye mandhari. Walifika kwenye mlango wa lifti, Bwana Tarquini akasoma kibao cha shaba, akaguna, na wote wakageukia ngazi. Mafundi, wauza samaki na nusu ya mtaa waliwafuata kwa adabu. Bi. Bice alibaki chini. Alimpa Nevio sinia la farinata lililofunikwa kitambaa, ampelekee dada yake.

Kwenye kidato cha mia moja na tisini Bwana Tarquini aliketi. Jua lilikuwa utosini. Daktari Ludovica, viatu mkononi, alimgeukia Naibu wake mbele ya watu.

"Mpango wa lifti hii ulikuwa wako, Bacigalupo. Nataka iandikwe hivyo."

Evaristo alifungua mdomo aseme "ndiyo, Daktari", kama alivyosema miaka kumi na tisa. Kikatoka kitu kingine.

"Wangu?" alisema. "Wangu, na goti hili ni la nani? Nimepanda ngazi hii tangu mtoto, haikuwa ndefu hivi, mmeongeza vidato nyie na vikao vyenu. Saini saba. Ya tatu iko likizo, ya tano ilistaafu, ya saba ni yako na hujawahi kuiweka kabla ya kahawa wala baada yake. Ofisi yangu haina dirisha. Nimepewa picha ya dirisha. Kuna bibi kizee huko juu amekaa siku mbili hana nguvu ya kutundika taulo, na mdogo wake yuko chini na nyonga ya chuma, na mimi, mtoto wa mtaa huu, baba yangu angeniona angenitupa gatini, mimi niligongomelea kibao. Cha shaba. Na kimeandikwa kwa herufi kubwa, kana kwamba aibu inahitaji kusomeka kwa mbali. Na viatu vinabana."

Aliendelea hivyo kwa dakika kumi na mbili. Hakurudia neno. Madirisha yalifunguka moja baada ya jingine kando ya ngazi, na watu wakaegemeza viwiko. Kinyozi alivua kofia. Bwana Tarquini alitoa kijitabu, akaanza kuandika haraka.

"Hatimaye," aliwanong'oneza wenzake. "Halisi kabisa."

Evaristo alimaliza, akafuta jasho. Nevio alishusha sinia begani.

"Bosi," alisema. "Kwa hiyo unasaini?"

"Saini moja haitoshi," alionya Daktari Ludovica.

"Kwangu inatosha," alisema Nevio, akainama ili mgongo wake uwe meza. Evaristo akasaini. Fundi akamkabidhi sinia, akateremka kufuata kifaa stoo, na kwa mara ya kwanza watu walimwona akikimbia.

Evaristo alipanda vidato vilivyobaki peke yake na farinata mikononi. Iole alifungua mlango akiwa ameshika ukuta, mdogo kama kibunda cha nyuzi. Evaristo alikaa naye, akamkatia vipande vidogo, hadi saa tisa lifti ilipolia kengele nje. Mlango ukafunguka na Bi. Bice akatoka na aproni yake. Dada hao hawakukumbatiana. Bice alimtazama mwenziwe juu hadi chini.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe umechelewa," alisema Iole. "Na hii chumvi haijakolea."

Wakaanza hapo, nje ya duara na nje ya saa za kazi, na Evaristo aliondoka kimyakimya akawafungia mlango.

Ripoti ya jopo ilifika baada ya wiki tatu. Genova ilipewa hadhi. Bwana Tarquini aliandika kwamba manung'uniko ya wananchi ni ya kawaida na hayakidhi vigezo, lakini yale ya maofisa ni ya ubora wa kipekee, kwa sababu yamehifadhiwa muda mrefu bila kufunguliwa. Alipendekeza, na Roma ikaagiza kwa maandishi, kwamba kuanzia sasa vituo vyote tisa vihudumiwe na watumishi wa Idara kwa mujibu wa vyeo, na wakazi, kama wataalamu wa asili, wakae viti vya mbele kutoa alama.

Evaristo alipata nane kwa kumi siku ya kwanza, na hakuwahi kushuka. Daktari Ludovica alipangiwa kituo namba nne, saa nne kamili, mbele ya tanuri la Bi. Bice. Alifika na karatasi iliyopigwa chapa, akasimama kwenye duara la buluu, akasoma kwamba hakuridhishwa na hali ya upepo.

Bi. Bice alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa unga.

"Mbili," alisema. "Na moja nimekupa kwa kuja. Weka hiyo karatasi chini, mama, uanze tena. Hatuna haraka."