Kisanduku cha Diski Mbili na Sauti ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Kompyuta ya nyumbani imeanza kulia. Tik. Kimya. Tik. Nimeizima haraka. Ndani yake zimo picha za miaka kumi na miwili. Zimo pia saa nne za sauti ya marehemu baba mkwe, akiwasimulia wajukuu alivyonusurika mafurikoni. Nakala nyingine sina. Mke wangu kauliza kama kompyuta ni nzima. Nikajibu nzima kabisa. Ulimi huu utaniponza!

Jumanne, 4 Machi
Kaja mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu. Mjuaji wa ukoo. Anasema dawa ni kisanduku cha kuhifadhia: unakitia diski, unakiunga na ruta ya intaneti, nyumba nzima inaweka mambo yake humo. Chake kina diski nne. Nne! Alizitaja kama mtu anayetaja watoto wake waliofaulu. Akajitolea kunichagulia. Nikakataa katakata. Nisije nikaambiwa hadi kaburini kwamba yeye ndiye aliyeokoa sauti ya mzee.

Jumatano, 5 Machi
Dukani. Muuzaji, mama mpole mwenye miwani, hakuniuliza nataka kikubwa kiasi gani. Aliniuliza naogopa kupoteza nini. Akanipa kisanduku cha diski mbili, akaeleza: ukitaka, zote mbili zinaandika kitu kile kile, moja ikifa nyingine inabaki. Au unaziunga ziwe kama diski moja kubwa; nafasi mara mbili, ila ikifa moja, vyote vimekwenda. Akasema mara tatu nichague njia ya kwanza, na nisiitupe kompyuta ya zamani. Niliitikia kwa kichwa kama wanafunzi wangu ninapowaambia habari za breki. (Mimi ni mwalimu wa udereva. Najua kuitikia huko kuna maana gani.)

Alhamisi, 6 Machi
Nilikuwa na kidole juu ya njia ya kwanza, wallahi. Simu ikalia. Mwanyumba, anauliza nimepata nafasi kiasi gani. Kidole kikateleza chenyewe kwenye njia ya pili. Nikamtajia. Akakata simu bila kuaga. Utamu ulioje! Nimehamisha kila kitu. Kompyuta nimempa fundi redio aibomoe achukue vipuri, mke wangu asije akaisikia ile tik. Kisanduku kiko juu ya friji, wageni wakione.

Ijumaa, 7 Machi
Friji letu likianza kufanya kazi hutetemeka kama mwenye homa. Nilisahau. Kisanduku kimetembea usiku kucha, hatua kwa hatua, na asubuhi nikiwa na kikombe cha chai mkononi kikajitupa sakafuni. Diski moja imekufa. Nyingine nzima, na haina maana yoyote. Hapohapo mke wangu akaingia kunikumbusha kwamba Jumapili ndugu wote wanakuja kumsikiliza baba. Nikasimama mbele ya vipande, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumamosi, 8 Machi
Muuzaji kauliza nilichagua njia ipi. Nikasema ya kwanza. Akanitazama. Nikasema ya pili. Akavua miwani, akanipa pole ya msibani.
Mbio kwa fundi redio. Diski ya kompyuta ameshaibomoa kutoa sumaku, haisomeki tena! Sumaku sasa iko ukutani, imeshika bisibisi zake.
Limebaki moja. Nimejifungia ndani ya gari la kufundishia nikaigiza sauti ya marehemu. Mwanafunzi akagonga kioo kuuliza kama nimebanwa na kifua.

Jumapili, 9 Machi
Sebule imejaa. Mama mkwe kakaa mbele, kwenye kiti changu. Nikasimama, nikasema jamani, nina neno. Mke wangu akanishika shati, akaniketisha. Akachomeka kiflashi kwenye televisheni.
Baba mkwe akakohoa, akaanza: maji yalikuwa yamefika kiunoni.
Mama mkwe akafunika uso kwa kanga.
Baadaye jikoni nikamuuliza kwa kunong'ona ameipata wapi. Akasema, "Baba watoto, ile tik niliisikia wiki mbili kabla yako. Nilinakili zote. Nyingine ziko kwa dada, kwenye kisanduku cha mumewe."
Kwa mwanyumba! Nikalia. Waliotuchungulia walidhani namlilia mzee. Nusu ilikuwa kweli.

Jumatatu, 10 Machi
Mkuu wa chuo katuita walimu wote. Majalada ya wanafunzi yanaliwa na mchwa, anataka yote yaingizwe kwenye mashine. Kauliza nani ana uzoefu wa mambo haya. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Kanikabidhi miaka tisa ya kumbukumbu, nakala pekee, na kisanduku kipya cha diski sita.
Nikiziunga zote sita, mwanyumba atazimia.