Ndugu wa Kukodi Mjini Urgenchi

Jumatatu, 4 Mei 1338

Bado Urgenchi. Vumbi, nyama ya kondoo, maziwa ya farasi yaliyochachuka. Basi! Nimeapa, mimi Lanfranco wa Jenova, narudi nyumbani kwa mke wangu Orietta. Msafara wa magharibi unaondoka Jumapili, na marobota yangu ya hariri yako tayari. Jana nilimwona mwanamke sokoni akimsuka mwanawe nywele. Nikamkumbuka Orietta.

Tatizo moja. Mkuu wa msafara hachukui mfanyabiashara asiye na ndugu. Sheria ya huku: mgeni akifia njiani bila ndugu, mali yake yote ni ya Khan, mtawala wa Wamongolia, na msafara mzima unazuiwa mpaka ikabidhiwe. Sina ndugu. Nitamtengeneza!

Jumanne, 5 Mei

Nimemkodi muoka mikate, Mwarmenia mmoja, awe kaka yangu. Mpango safi! Kufika adhuhuri alishaanza kudai fungu lake la urithi wa baba. Alasiri akavaa joho langu. Jioni nikamfukuza. Joho kaenda nalo.

Alhamisi, 7 Mei

Aibu tupu. Mtu mwingine wa kwetu asiye na ndugu ni Zanino, Mvenisi. Zanino! Aliyeutangazia mji mzima kwamba kitani changu kinaoza kikinyeshewa. (Kilioza kweli, lakini kilimhusu nini?) Nikamwendea huku nimeuma meno. Akacheka, akasema hata mbwa wa Venisi hana undugu na Mjenova. Kisha, kwa sauti ya chini, akaniambia kila akilala anaota mkate wa mama yake. Akakubali. Tumebishana kutwa nzima tuwe wana wa mama yupi. Mwisho mama akawa wangu, Aldina. Baba akawa wake.

Ijumaa, 8 Mei

Buralgi, karani wa Khan anayegonga muhuri wa undugu, mzee asiyejua kutabasamu, ametuhoji mmoja mmoja. Jina la mama, sawa. La baba, sawa. Halafu, mjanja huyu, akauliza mama alituagaje bandarini. Hilo hatukulipanga! Zanino kasema alikimbia gatini akipiga kelele kwamba mwanawe kasahau kofia. Mimi nikasema alinipa mgongo, asinione nikiondoka. Buralgi akatuita pamoja, akasema mama mmoja hawezi kuaga hivyo. Nikaiona hariri yangu ikiota mabawa.

Ndipo Zanino, kwa kiburi chake, akasema, "Mimi alinikimbilia kwa sababu alinipenda. Huyu alishamchosha."

Nikasahau kabisa kwamba tunadanganya. Nikamrukia. "Mama alinipenda mimi zaidi, mwehu we!" Tukakabana pale pale mezani. Buralgi akaangua kicheko, akagonga muhuri. Akasema hawa ni ndugu, tena wa tumbo moja.

Nje tulikaa chini ukutani, tukalia wote wawili. Hakuna aliyemcheka mwenzake.

Jumapili, 10 Mei

Ngamia wameshapakiwa. Lakini jana nilikutana na mtu wa Bukhara. Kasema kule mashariki, Almaliki, kitani kinagombaniwa kama maji! Ningekuwa mpumbavu kuondoka sasa. Hariri yote nimeibadilisha kwa kitani. Mara moja tu, kisha nyumbani kabisa.

Zanino kanitukana mpaka akaishiwa matusi. Muhuri unataka ndugu wawili, kwa hiyo kamwokota mtu wa Firenze aliyekwama hapa, atasafiri kwa jina langu. Nikamwomba Zanino amfikishie Orietta salamu, amwambie mwakani nipo. Akaniuliza, "Kaka, mwaka jana ulimwambiaje?" Nikamjibu mwaka jana nilisema mwakani, lakini safari hii ni kweli.

Akanikumbatia kwa nguvu. Nilisimama langoni mpaka vumbi lao likatulia. Basi Lanfranco anarudi nyumbani, mimi nimebaki.

Kesho kutwa kuna msafara wa mashariki. Mkuu wake naye anataka ndugu. Yupo mtu wa Piza hapa, simpendi hata kidogo. Nitaanza naye asubuhi.