Kisanduku cha Siku Saba

Idara ya Majibu kwa Umma ina furaha kuwatangazia wananchi wote kwamba kisanduku cha kutafutia katika Jukwaa la Wananchi mtandaoni kimeboreshwa. Kuanzia leo kitaona mada zilizochangiwa ndani ya siku saba zilizopita tu, ili kumpunguzia mwananchi mzigo wa mambo ya kale.

Mkurugenzi aliliandika tangazo hilo kwa mkono wake, akalisoma mara tatu, akajipongeza. Alikuwa mtu wa maono. Alishagundua kwamba mwananchi akitafuta swali la mwaka juzi hukuta na jibu lake, na majibu ya mwaka juzi, hasa aliyoyaandika yeye, yalikuwa na tabia ya kuleta usumbufu. Isitoshe, kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi, Waziri alikuwa anakuja kukagua jukwaa, na Mkurugenzi alikitaka kiti kile mpaka akakosa hamu ya chakula.

Wananchi walihangaika wiki mbili. Aliyetafuta utaratibu wa cheti cha kuzaliwa aliletewa mjadala wa mbwa aliyepotea. Ndipo mkunga mmoja mstaafu wa Mtaa wa Juu, mama wa watu mwenye magoti mabovu na simu iliyopasuka kioo, alipogundua dawa. Mada ikiandikiwa chochote, inahesabiwa mpya. Alifungua kurasa mia mbili na kumi za jukwaa, moja baada ya nyingine, na alipoifikia mada ya cheti akaandika: "Hamjambo humu?" Ikaibuka. Majirani wakagawana zamu. Fundi cherehani akapewa vyeti, kinyozi akapewa leseni, na mkunga akachukua mada moja aliyokuwa nayo moyoni siku nyingi, akahimiza kila mwenye simu apite kuisalimia.

Mkurugenzi aliona takwimu zinapanda, akafurahi waziwazi. Fundi mitambo wa idara, mwanamke asiyependa maneno mengi, alijaribu kumweleza.

"Bosi, hawa hawachangii. Wanasalimia tu ili mada isizame."

"Salamu ni mchango. Andika kwamba wananchi wameridhika kwa asilimia mia tatu."

Fundi mitambo akamuuliza kama ameisoma hiyo mada inayoongoza. Mkurugenzi akamfahamisha kwamba kiongozi hasomi, hupokea muhtasari. Kisha akaagiza mada hiyo ichapishwe kwenye bango lenye ukubwa wa mlango, lifunikwe kitambaa, Waziri aje alizindue. Fundi mitambo akaomba agizo hilo kwa maandishi. Akapewa, tena lenye muhuri.

Siku ya ukaguzi ukumbi ulijaa waandishi wa habari. Mkunga aliketi mstari wa mbele, kwa kuwa ndiye mchangiaji bora wa mwaka. Waziri akavuta kitambaa, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Swali lilikuwa: maji yatapanda lini Mtaa wa Juu? Jibu la Mkurugenzi, la miaka miwili iliyopita, lilisema: "Yasipopanda kabla ya mwaka kwisha, nitawabebea mwenyewe kwa ndoo, nyumba kwa nyumba." Chini yake zilifuata salamu elfu nne mia moja na sita.

Waziri akauliza kama maji yalipanda. Mkurugenzi akajibu kwamba suala hilo liko kwenye mchakato.

Mkunga aliinuka taratibu, ameshika kiti. "Mheshimiwa, nina miaka sabini na moja. Ngazi za kwetu ni mia moja na nane, na kila asubuhi nazipanda na ndoo. Nimechoka, mwanangu."

Kamera zilikuwa zinamtazama Waziri. Akatamka kwamba serikali hutekeleza ahadi zake, na utekelezaji unaanza kesho saa moja asubuhi. Habari ya kiti cha Katibu Mkuu haikuguswa tena.

Kesho yake Mkurugenzi alianza kupanda, tai ameichomeka ndani ya shati, na pipa la kwanza kulijaza likawa la mkunga. Siku ya tatu alikumbuka ghafla kwamba fomu ya pampu imelala kwenye droo yake, akaisaini. Pampu itafika baada ya taratibu kukamilika, na taratibu hizo alizitunga yeye.

Siku ya saba, akihema kwenye ngazi ya mia, aliweka ndoo chini akampigia fundi mitambo. Alitaka kujua kama mada ile sasa imezama.

"Bado, bosi. Leo tu wameisalimia watu elfu moja."

Akabadilisha mkono, akaendelea kupanda.