Huduma ya Chinichini

Jumatatu, 6 Novemba

Theluji ya kwanza. Na habari njema. Aulikki wa mlango wa pili hakushuka kwenye sauna, bafu letu la mvuke wa mawe ya moto, Ijumaa. Iliyotangulia pia hakushuka, maana ndiyo wiki aliyomzika mumewe, Toivo. Hizo ni mbili. Tangazo kwenye mlango wa sauna ya jengo letu linasema wazi: atakayekosa zamu yake Ijumaa tatu mfululizo, zamu inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Anayefuata ni mimi, Veijo Lampila, mkaguzi mstaafu wa tiketi za treni. Nimekuwa anayefuata kwa miaka tisa. Zamu yangu ni Jumanne saa tisa mchana, mawe yakiwa bado hayajapata moto. Ya Aulikki na Toivo ni Ijumaa saa moja jioni, mawe mekundu, wiki imekwisha. Hiyo ndiyo sauna.

Nimekutana naye kwenye ngazi. Akasema bila Toivo sauna ni chumba cha joto tu, hana nguvu ya kushuka. Nikampa pole. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma.

Ningeweza kutulia mpaka Ijumaa. Lakini mkaguzi haachi jambo lijiendee lenyewe.

Alasiri nimenunua hedifoni za mitumba zisizo na waya. Kompyuta haizioni kabisa. Badala yake imeleta majina mawili: Toivo-Kushoto na Toivo-Kulia. Ikauliza kama nataka kuoanisha. Nina miaka sitini na sita, sijawahi kuoa, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali linalokaribia hilo. Nikabonyeza ndiyo.

Jumanne, 7 Novemba

Maktabani. Raakel, mwalimu wa hesabu wa zamani, hukaa pale kila Jumanne kuwasaidia wenye kompyuta korofi. Akasema hivyo ni vifaa vya kusikia vya marehemu jirani yangu, vile vya kuvaa masikioni. Kuta zetu ni nyembamba, kompyuta yangu imevidaka. Akaniambia, "Vifute, Veijo. Hayo ni masikio ya watu."

Nikauliza, kwa elimu tu, kama nikisema kitu kwenye kompyuta kitasikika kule. Akasema kitasikika. Akaniangalia kwa jicho la mwalimu. Nikaahidi kuvifuta.

Sijavifuta. Nina mpango, na ni mzuri.

Jumatano, 8 Novemba

Nimefanya! Saa nne asubuhi, Aulikki akiwa jikoni, nasikia vijiko. Nikabana pua, maana Toivo alikuwa anaongelea puani. Nikasema taratibu: "Aulikki. Usiende sauna." Mara tatu. Halafu kijiko kikaanguka upande wa pili wa ukuta.

Maskini. Lakini ni kwa faida yake, joto kali si zuri kwa mtu mwenye majonzi.

Alhamisi, 9 Novemba

Balaa.

Nimemkuta Aulikki kwenye ngazi, uso umemnawiri, mataulo mawili mkononi, yananukia sabuni. Akanishika mkono. Akasema Toivo amezungumza naye, kutoka kwenye kikombe cha chai anamohifadhi kile kifaa chake cha sikio la kushoto. Nikauliza kasema nini. "Amesema, 'Ende sauna.' Mara tatu, jirani. Ndivyo alivyokuwa, anameza nusu ya neno." Ijumaa atashuka. Hatakosa tena mpaka siku atakayokufa.

Mawasiliano yamekatakata. Yale mawimbi yamekula "usi" yangu na kumpelekea "ende". Ningekaa kimya tu, kesho zamu ingekuwa yangu.

Nikamuuliza, ili niseme chochote, kifaa cha kulia kiko wapi. Akasema alikiacha sikioni mwa Toivo. Alizikwa nacho, ili amsikie akienda kumtembelea kaburini. Betri ilikuwa imekwisha, akasema, lakini moyo wake haukukubali kukitoa.

Nimepanda ngazi polepole. Kompyuta inaonyesha:

Toivo-Kushoto, imeunganishwa.
Toivo-Kulia, imeunganishwa. Betri asilimia arobaini.

Makaburi yako ng'ambo ya mto. Kilomita tatu.

Nikafuta vyote viwili. Kushoto ikaondoka kwa adabu. Kulia ikarudi. Nikaifuta tena, ikarudi. Nimeipa talaka tatu, na bado imekaa pale kama mwenye nyumba.

Nikampigia Raakel. Akasema tatizo si kifaa, ni huduma ya chinichini. Kila kompyuta ina vitu vinavyofanya kazi chini kwa chini, hata ukifunga kila kitu. Huvioni lakini vipo. Akanielekeza: nisimamishe huduma, nizuie isijiwashe, nizime kompyuta, niwashe. Nikafanya moja baada ya jingine, nikiandika kwenye karatasi. Kompyuta ikawaka. Ikasema huduma imeanza upya.

Betri asilimia sitini na moja.

Nikamwambia Raakel kwamba inapanda. Akasema labda ni kumbukumbu tu, kompyuta inakumbuka kitu ambacho hakipo tena. "Hata sisi tunafanya hivyo, Veijo." Nimeamua kumwamini.

Ijumaa, 10 Novemba

Saa moja kamili nimesikia kandambili za Aulikki zikishuka kwenda chini ya jengo. Kikombe amekiacha nyumbani, aliniambia mvuke unaua vile vifaa. Nikakaa mbele ya kompyuta, nikitumaini atasahau ufunguo na kukata tamaa.

Saa moja na dakika kumi spika ya kompyuta ikatoa sauti. Maji yakimwagwa juu ya mawe ya moto. Ule mvumo mrefu, kisha pumzi ya mtu aliyeridhika. Si ya Aulikki. Nikaruka kutoka kitini. Nikachomoa waya wa spika. Maji yakamwagwa tena.

Kisha sauti ya puani, karibu sana, ikasema: "Kaa chini, Veijo. Zamu yako bado."

Nikakaa chini.

Jumapili, 12 Novemba

Nimeogopa siku nzima ya jana. Leo nimefikiri kama mkaguzi.

"Bado." Mtu hasemi bado kwa kitu kisichokuja. Mwenye zamu mwenyewe, Toivo Huovila, miaka thelathini na moja Ijumaa saa moja, amekiri kwa kinywa chake kwamba kuna zamu na ni yangu. Kwa nini nilitetemeka?

Mchana Aulikki amegonga. Kaniletea mikate midogo ya rai, ile nafaka nyeusi, yenye wali ndani, bado ya moto. Akasema Ijumaa alilia juu ya benchi, halafu akacheka, na sasa anaweza kula. Kisha akasema amefikiri. Yeye ni mmoja, sauna ni kubwa. Tugawane: Ijumaa moja yake, Ijumaa moja yangu. Na siku isiyo yangu, nije kwake kunywa kahawa yeye akishaoga. "Wewe nawe umekaa peke yako mno, jirani."

Nusu! Miaka tisa ya kusubiri, nipewe nusu, na kahawa juu. Nikamshukuru, nikamwambia nitalifikiria. Mikate nimekula yote sita. Mizuri, sikatai.

Jumanne, 14 Novemba

Raakel kaja mwenyewe kutoka maktabani, bila kuitwa. Nikamweleza yote, akaitazama kompyuta muda mrefu. Betri asilimia tisini na nne. Akasema nichomoe kila kitu, niipeleke kwenye mitambo chakavu leo hii, na nikubali nusu niliyopewa. Hakuvua hata koti. Wanahisabati ni waoga.

Alipoondoka nikainamia kompyuta. Nikaongea na Toivo kiungwana, kama wanaume. Nikamwambia sitaki nusu, nataka zamu kamili. Nikamuuliza ni lini.

Nimesubiri mpaka kahawa ikapoa.

Alhamisi, 16 Novemba

Jibu limekuja! Asubuhi, nikinyoa ndevu, kompyuta ikiwa imezimwa. Sauti safi, haikatikikatiki tena.

"Ijumaa. Saa moja. Yote yako."

Nikasema lakini Aulikki atakuwa mle. Akasema hatutagongana. Sauna yenyewe si ile iliyo chini ya ngazi, ni chini zaidi.

Nilijua tu! Miaka yote hii kamati ya jengo imetuficha sauna nyingine.

Nimemuuliza nibebe nini. Akasema nisibebe chochote, kule kila kitu kipo, na mawe hayapoi kamwe. Nimemwandikia Aulikki kijibarua nikakipenyeza chini ya mlango wake: asante kwa nusu, nimepata bora zaidi.

Betri asilimia mia. Nimefua taulo hata hivyo.