Nani Ahudumiwe Kwanza: Hotuba ya Uzinduzi wa Kituo cha Busara za Wauguzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe, Mheshimiwa Mke wa Mgeni Rasmi, waheshimiwa wajumbe wa kamati, wa kamati ndogo, na wa kamati ya kufuatilia kamati ndogo, Daktari Mfawidhi, Sista Mkuu wa zamu na wanafunzi wako wa uuguzi, wagonjwa mlioruhusiwa, wagonjwa mliotoroka wodini kuja kuniona, wadau wa maendeleo, wanakwaya, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau, ajue amesahauliwa kwa mujibu wa utaratibu. (Makofi ya wastani.)

Nimesimama hapa kuzindua Kituo cha Kimkakati cha Kujenga Uwezo wa Wauguzi katika Maamuzi Shirikishi ya Nani Ahudumiwe Kwanza, mradi mtambuka na endelevu, uliofanyiwa upembuzi yakinifu, semina elekezi na chai, na ambao kwa takwimu nilizonazo utaboresha usalama wa mgonjwa kwa asilimia mia na ishirini, hiyo ishirini ikiwa ni ya wale ambao bado hawajaugua. (Makofi. Mtu anataka kuuliza jambo, ananyamazishwa.)

Mtauliza, wazo kubwa namna hii lilitoka wapi. Lilitoka kwenye kidole gumba changu. (Kicheko.) Si la kucheka. Asubuhi moja nilikuwa naelekea kwenye warsha ya usalama barabarani. Dereva wangu, huyu mnayemwita Breki, ambaye pia ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu, akasimamisha gari tulipofika na hakushuka kunifungulia mlango. Nikajifungulia. Na kwa kuwa ni kazi ambayo sikuwa nimeifanya tangu nipate cheo, nilipoufunga nilisahau kuondoa kidole. (Kicheko kirefu.) Nikamwambia, "Shemeji, geuza gari, hospitali." Akageuza, akaendesha taratibu kama aliyebeba mayai, wala pole hakunipa, nami njia nzima nikawa namkaripia kwa lugha fasaha ya kiofisi.

Mapokezi nilitoa taarifa ya maumivu yangu kwa sauti ambayo, naambiwa, ilisikika hadi jikoni. Sista Mkuu akatoka na wanafunzi wake nyuma. Akawauliza, "Haya wanangu, hapa tunaanza na nani?" Msichana mmoja mwenye malezi mema akaninyooshea mimi. Sista akamwambia, "Huyu anapiga kelele, na mwenye kelele ana pumzi. Mtazame huyo aliyemleta."

Nikageuka. Shemeji yangu alikuwa ameegemea ukuta, uso kama majivu, jasho linamchuruzika na asubuhi yenyewe ya baridi, mkono umeshika taya. Sista akamuuliza, "Kaka, unajisikiaje?"

"Mimi mzima, Sista. Mhudumie bosi."

"Nitamhudumia. Wewe kaa."

Hata hajakaa vizuri, tayari yuko kwenye kitanda cha magurudumu, mwanafunzi mmoja anampima presha, mwingine amemkimbilia daktari, na mimi, mtumishi wenu, nimepewa kitambaa chenye barafu na benchi. Benchi, ndugu wananchi. Bila mto. (Makofi. Mgeni rasmi anadhani ni ya kumhurumia.)

Mke wangu akapiga simu. "Kaka yangu yuko wapi?" Nikamjibu kwamba yuko kwenye mchakato. Akasema, "Mume wangu, nimekuuliza kaka yangu yuko wapi." Nilikuwa nimesimama nje ya mlango wenye kioo, namwona Sista amemwinamia, anazungumza naye kwa upole kama anayembembeleza mtoto, na kidole changu nilikisahau kabisa, hata sikujua kiko mkono upi. Hapa hotuba niliyoandikiwa na ofisi haina maneno, mtanisamehe nikinywa maji. (Anakunywa maji.)

Daktari alitoka akasema mshipa wa moyo ulikuwa unaziba, na kwamba wangeanza na mwenye kidole, mke wangu angekuwa amevaa nguo nyingine leo. Breki, simama watu wakuone. (Makofi marefu na vigelegele.) Asanteni. Nayapokea kwa niaba yake.

Hata hivyo, pamoja na mafanikio hayo, tathmini ilibaini changamoto, kwamba uamuzi ule mzito ulifanyika bila kikao, bila akidi, bila muhtasari. Sista alitumia macho tu, na macho, ndugu zangu, hayakaguliki. Ndiyo maana Kituo hiki kitamfundisha muuguzi kubaini kwanza cheo cha mgonjwa, halafu ukubwa wa sauti yake, na muda ukiruhusu, ugonjwa. (Minong'ono. Sista anainuka, anamtoa juani bibi mmoja aliyeanza kuyumba, anamketisha kwenye kiti cha mgeni rasmi.)

Sista, samahani, hicho ni kiti changu.

(Sista: "Najua, mheshimiwa. Wewe unaweza kusimama.")

Ni kweli, naweza. Iingie kwenye kumbukumbu kwamba kiti nimekitoa mimi kwa hiari. Na hayo maji, Sista, yalikuwa ya... basi, mpe tu. (Bibi anakunywa maji ya mgeni rasmi. Wanafunzi wanapiga makofi.)

Mke wangu ananiashiria nifupishe, nami ni mtu wa kusikiliza wananchi. Nihitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema "Kituo", nyote mjibu "Kipo". Kituo. (Umati: "Kiko wapi?") Tujaribu tena, kwa uzalendo. Kituo. (Umati: "Kiko wapi?") Vizuri sana, sauti zimependeza.

Mwisho ni shukrani. Namshukuru mwenye kiwanda cha mbao kwa kutuachia ukuta wake tukachora mlango na madirisha haya mazuri; anaomba asiegemee mtu, rangi haijakauka, na anaomba pia tuondoke mapema maana mafundi wake wanataka kuingia kazini. Nawashukuru wanakwaya kwa kuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye picha. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi wa mawe ya makaburi kwa kutuazima jiwe la msingi, ambalo nitalifunua sasa hivi. Wapiga picha, msilizunguke, tafadhali. Upande wa pili lina mwenyewe.