Diski ya Mama Adhiambo

Jumatatu, 3 Juni 2024

Imrani katundika bango jipya. "Bingwa wa Video Tarime." Nani kamtawaza? Kibanda chake na changu vimeshikana ukuta hapa Bomani, mimi ndiye niliyetangulia kufungua, halafu bingwa ni yeye! Chai imenishinda kwa hasira.

Mchana Mungu akanikumbuka. Imrani yuko Mugumu, kaenda kupiga video ya harusi, harudi mpaka Alhamisi. Mama Adhiambo wa Nyambureti akaja kumtafuta, akakuta kufuli, akageukia kwangu. Shikamoo mama, karibu kiti, karibu soda. Akafungua kitenge, akatoa diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya. Kasema humo mna harusi ya binti yake, na marehemu mumewe, Mzee Otiende, anawabariki maharusi. Hana sauti nyingine ya mzee. Jumamosi ni kumbukumbu yake ya mwaka mmoja. Adhiambo anakuja kutoka Migori na mtoto ambaye babu yake hakuwahi kumwona. Mama anataka sauti isafishwe kidogo, video irudi humo humo kwenye diski, ioneshwe mbele ya watu. Akaahidi jogoo.

Nilikubali kabla hajamaliza. Video aliipiga Imrani, na jina lake linapita chini ya picha mwanzo mpaka mwisho. Nitalifunika! Ukoo mzima, wa huku na wa Kenya, utasoma jina la Joram.

Jumanne, 4 Juni

Diski haifunguki. Nimechomeka, kitaa kinawaka, mashine kimya. Mashine yangu ni Linux, haitumii Windows kama za wengine. Nimeshatangazia Bomani nzima kwamba haishiki virusi na haina shida, kwa hiyo shida hii haiwezi kuwa yake. Nikailazimisha. Ikajibu kwamba diski haikufungwa vizuri mara ya mwisho. Maana yake kuna mtu aliichomoa bila kuiaga. Nani kama si Imrani? Anachomoa diski kama anang'oa muhogo, halafu anajiita bingwa! Huu ni mtego. Alijua ipo siku itafika mikononi mwangu.

Ni kweli mimi pia huchomoa bila kuaga. Lakini mimi nachomoa kwa akili.

Felistas, mke wangu, kashauri nimpigie Imrani nimuulize. Nimemwambia bora niitafune hiyo diski.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwandikia Imrani. Ila si mimi. Nimetumia laini mpya ya Felistas, nikajiita Mogesi, fundi mchanga wa Machochwe mwenye Linux na diski iliyogoma. Akajibu papo hapo, ujumbe mrefu kama mahubiri. Kaandika amri ya kuitibu diski, herufi kwa herufi. Kisha nitengeneze folda tupu, niiamuru mashine iunganishe diski na folda hiyo. Ndiyo kumaunti. Akaonya kwamba folda ni mlango tu, diski ndiyo chumba. Mashine ikizimika, mlango unabaki palepale lakini nyuma yake chumba hakipo, mpaka umaunti tena. Kwa hiyo nihakiki kila mara kabla ya kuweka kitu, na niage kabla ya kuchomoa. Mwishoni kasema: Mogesi, ukipita Bomani nisalimie jirani yangu Joram na shemeji Felistas.

Hajashtuka hata kidogo! Mimi mtu wa kificho bwana.

Habari za milango na vyumba nimeziruka, sijengi nyumba. Amri nimezitumia. Folda nimeiita HARUSI. Ikafunguka!

Mzee Otiende huyo, suti ya kijivu, kamshika Adhiambo mkono. Anamwambia: hata ukiwa na mji wako, hapa ni kwenu, ukija usibishe hodi. Mzee huyu alikuwa ananiita fundi tangu sijawa fundi. Machozi yakanilenga. Halafu jina la Imrani likampita kidevuni, na machozi yangu yakarudi yalikotoka. Hata aibu hana!

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya kazi. Asubuhi nimejirekodi tangazo, nimevaa tai, nasema: "Joram Digital, kazi zetu hazipotei!" Nimeliweka kwenye diski, litatangulia kabla ya mzee. Kisha video nimeihamishia kwenye mashine na kuifuta kwenye diski, isibaki yenye jina la yule mtu. Kuihamisha tu, nilikula ugali nikamaliza na kunawa bado inahama.

Jina nimelifunika kwa utepe mwekundu wenye jina langu. Mwembamba ulikuwa haulifuniki vizuri, nikaunenepesha. Sasa unamfika mzee puani. Si neno, kilichotakiwa ni sauti, na hiyo nimeisafisha.

Mchana umeme ukakatika Bomani nzima. Uliporudi nikawasha mashine, nikaingia HARUSI, nikaiweka humo video iliyokamilika. Kufumba na kufumbua imeingia! Ile iliyochukua ugali mzima! Linux haina mchezo. Tangazo langu sikuliona mle ndani, nadhani limetangulia mbele kama nilivyopanga. Nikachomoa.

Imrani karudi kutoka Mugumu. Kanisalimia vizuri, halafu kaniuliza Mogesi anaendeleaje. Nimemwambia simfahamu mtu huyo.

Ijumaa, 7 Juni

Mama Adhiambo kachukua diski yake, kaifunga tena kwenye kitenge, kaikumbatia. Nimemwomba kesho nishike maiki. Kakubali. Jogoo nitakabidhiwa mbele ya watu.

Imrani naye kaalikwa! Nimeuliza kwa sababu gani. Eti ndiye aliyepiga video. Sasa hiyo nayo ni sababu?

Jumamosi, 8 Juni

Nimedhalilishwa!

Nyambureti imefurika. Maturubai mawili, shuka jeupe ukutani, kompyuta ya kanisa, jogoo kafungwa miguu pembeni ananitazama. Ibada ikaisha, nikashika maiki. Nikawaambia wote tunyamaze, sasa mzee mwenyewe anasema na wanawe. Adhiambo akamgeuza mtoto, akamwelekeza uso kwenye shuka.

Diski ikafunguliwa. Ndani kitu kimoja tu. Kikabonyezwa. Nikatokea mimi, nimevaa tai, mkubwa kama ukuta: "Kazi zetu hazipotei!"

Ouma, mdogo wa marehemu aliyetoka Migori, akauliza kwa sauti: omera, ndugu yangu, kwani siku hizi marehemu ni wewe? Watu wakaangua kicheko. Mama Adhiambo hakucheka. Akaja polepole mpaka nilipo, akaniuliza: Joram mwanangu, mume wangu umemweka wapi?

Maiki bado ilikuwa mkononi mwangu.

Nikasema Imrani kaiharibu diski. Hapo ndipo Imrani akasimama. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Aliuliza tu kama baada ya umeme kukatika Alhamisi nilimaunti tena. Nikasema Alhamisi umeme haukukatika. Nusu ya Bomani ilikuwa imekaa chini ya yale maturubai! Wakaguna kwa pamoja.

Imrani akampigia Felistas, aliyebaki kibandani, akamwelekeza afungue folda ya HARUSI kwenye mashine yangu. Video ikawa humo humo. Haikuingia kwenye diski hata chembe, ilibaki nyuma ya ule mlango usio na chumba. Kwa maneno mengine, haikupotea! Niliihifadhi! Hakuna hata mmoja aliyesema hivyo.

Felistas akaelekeza simu kwenye kioo cha mashine, akarekodi baraka zile, akazituma WhatsApp. Zikaoneshwa ukutani. Utepe wangu ulimfunika mzee kuanzia puani kushuka chini, ungedhani kafungwa kitambaa cha majambazi. Lakini sauti ilikuwa yake. Hapa ni kwenu, ukija usibishe hodi. Mtoto akanyoosha mkono kwenye shuka. Adhiambo akalia, mama akakaa chini kwenye nyasi akalia, akawa anaitikia kila neno kana kwamba wanazungumza. Nami nililia, kusema kweli. Vumbi nalo lilikuwepo.

Jogoo kapewa Imrani. Felistas kapelekewa kitenge. Mimi nimeombwa nirudishe maiki.

Jumatatu, 10 Juni

Jogoo wa Imrani anawika nyuma ya ukuta wangu tangu alfajiri. Hamchinji! Anamfuga kunikomoa.

Mama Adhiambo kapiga simu. Hakugomba, heri angegomba. Kashukuru kwa kuisikia sauti ya mzee, ila anaomba kitu kimoja. Anataka kuuona mdomo wa mzee anapotamka yale maneno. Mzee alikuwa na kawaida ya kutabasamu kabla ya kusema jambo zito, na mama anaogopa ataanza kuusahau ule mdomo.

Ile safi niliifuta kwenye diski yake mwenyewe.

Mchana Imrani kaingia kibandani kwangu bila kubisha hodi. Anayo nyingine, ndiyo pekee iliyobaki, kaileta kwenye diski yake. Yeye anawahi Sirari. Kaniomba niipeleke Nyambureti, nikamwombe mama radhi mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Kasisitiza niipeleke ilivyo, nisiiguse. Nimemwahidi mbele ya Felistas.

Jumanne, 11 Juni

Sijaigusa. Nimeirekebisha tu. Mtu akikuambia usiguse, ujue anaogopa utaiboresha. Jina la Imrani limerudi kidevuni kwa mzee, na mama kasema anataka kuona mdomo, hakusema anataka kuona Imrani! Nimemaunti, nikaihamishia video kwenye mashine, jina nimelifuta kwa ustadi. Utepe wangu safari hii nimeuweka juu, kwenye paji la uso. Mdomo wote unaonekana. Najifunza, watu wasiseme sijifunzi.

Umeme ulikatika kidogo, ukarudi. Nikawasha, nikaingia HARUSI, nikairudisha video. Kufumba na kufumbua! Imrani angehangaika nayo nusu siku. Nikachomoa.

Felistas kaniuliza kama nimehakiki. Nimemwambia tusichanganye kazi na ndoa.

Pikipiki inapiga honi nje, diski iko mfukoni. Nimeshampigia Mama Adhiambo aite watu wote tena, aniwekee maiki, na kama kuna jogoo wa pili amfunge miguu kabisa.